Na Msomaji Wangu Bungoma

Nilikwenda Bungoma kwa sababu kona yangu ilikuwa karibu kunyang'anywa. Ninasimamia maktaba ndogo ya jamii hapa Kibomet, Kitale. Kando ya dirisha nina kompyuta mbili zenye programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, na nilizitenga kwa ajili ya wasomaji wasioona. Tatizo ni kwamba wasomaji hao walikuwa wawili tu, kisha mmoja akahamia Eldoret. Mwenyekiti wa kamati yetu, Mzee Barasa, ni mtu mwema lakini hazunguki akisema jambo.

"Madam Chebet," aliniambia, "watoto wa shule wanakaa sakafuni na wewe umewekea mtu mmoja kompyuta mbili. Muhula ukiisha tunazigawa."

Mtu huyo mmoja ni Mwalimu Wafula. Alifundisha jiografia maisha yake yote mpaka presha ya macho ikamzimia taa. Mwaliko wa kongamano la wakutubi kuhusu teknolojia ulipofika, nilijibu kwamba nitakuja na mwenzangu. Sikuona haja ya kueleza kuwa mwenzangu ni msomaji.

"Sasa mimi nitafanya nini kwa mkutano ya wakutubi?" akaniuliza.

"Wewe ndiye utaonyesha. Mimi nitaongea kidogo tu."

Alifikiri kidogo. "Basi nitavaa tai."

Asubuhi tulitoka Kitale kwa pikapu ya shemeji yangu, aliyekuwa akipeleka miche ya parachichi kwa mteja wa Kanduyi. Mwalimu alikaa katikati, tai imenyooka, fimbo yake nyeupe imekunjwa mapajani. Tulipopita Kiminini alitaka kujua mahindi yamefika wapi. Nikamwambia yameanza kutoa ndevu.

"Na mlima?"

"Leo hauonekani, Mwalimu. Elgon yote iko ndani ya mawingu."

"Kumbe si mimi peke yangu sioni," akasema, na shemeji yangu akacheka mpaka akapunguza mwendo.

Kuanzia Kamukuywa mpaka Webuye tulizungumzia jambo lililokuwa likimkera kila siku. Ile sauti ya kompyuta ilijua Kiingereza peke yake. Ikikutana na neno "maji" ilitamka "majai", na "watu" wakawa kitu ambacho siwezi kukiandika. Mwalimu alikuwa amejifunza kuifasiri, kama mtu anavyomzoea mgeni mwenye lafudhi nzito. "Lakini mtu mpya hawezi vumilia," alisema. "Atasikiliza siku moja, arudi nyumbani." Nilijua anasema kweli, nami nilikuwa nimeazimia kutorudi Kitale bila jibu.

Kanduyi, mlangoni mwa ukumbi, tulipokelewa na Nekesa, mkutubi wa hapo Bungoma, mwanamke mwenye sauti ya kuimba kwaya. "Mulembe, mulembe!" akatusalimu kwa lugha ya kwao. Hakumshika Mwalimu mkono na kumvuta kama wengi wafanyavyo. Alimgusa nyuma ya kiganja kidogo, akampa kiwiko, akatembea mbele kwa hatua ya kawaida. Mwalimu akaniegemea sikioni. "Huyu anajua kazi," akanong'ona.

Kabla ya chai tuliwasikiliza wengine. Mkutubi mmoja kutoka Busia anawakumbusha wasomaji wake kurudisha vitabu kwa ujumbe wa simu, na akatuonyesha jinsi anavyofanya kwa simu ya kawaida kabisa. Mwingine, kutoka vilima vya juu, huwasha maktaba yake kwa jua na kusambazia wanafunzi masomo bila intaneti, kutoka kwenye kisanduku kidogo kinachoingia mfukoni. Niliandika mpaka kalamu ikachoka. Katika ukumbi ule hakuna aliyeringa. Mtu akisema "hii ilinishinda", watatu walinyoosha mikono kumsaidia.

Baada ya chai ikawa zamu yetu. Nilifungua laptopu, picha ikatokea ukutani kwa projekta, nikasema habari za asubuhi, na stima ikapotea. Mapazia mazito yalikuwa yamefungwa ili picha ionekane vizuri, kwa hiyo tukabaki gizani. Mwendeshaji wa kikao akasema, "Poleni, tutasongesha hii mbele mpaka kesho." Kesho tungekuwa Kitale.

Mwalimu akainua mkono. "Bwana mwendeshaji, laptop iko na chaji?"

"Iko, Mwalimu," nikamjibu mimi, "lakini watu hawataona chochote."

"Si hata mimi sioni? Wacha tusikilize."

Ukumbi ulicheka, kisha ukatulia. Mwalimu aliishusha skrini nusu, akaweka vidole kwenye vitufe, akaanza kazi. Alifungua gazeti la asubuhi hiyo, akapita vichwa vya habari kimoja baada ya kingine, akachagua habari ya mbolea na kuisikiliza. Kisha akaandika barua fupi kwa washiriki, akakosea neno, akalisikia kosa, akalirekebisha. Hayo yote aliyafanya haraka kuliko ninavyoweza mimi nikiwa na macho mawili. Mashine ilipofika kwenye Kiswahili chake na kuanza kuwachakachua "watu", kicheko kilijaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka zaidi.

Mapazia yalipofunguliwa, Nekesa alisimama. "Mimi pia niko na programu kama hiyo," alisema, "na yangu iko na sauti ya Kiswahili, ya bure. Nitawapa. Shida yangu ni nyingine. Kompyuta nimefunika na kitambaa. Hakuna asiyeona anakuja."

"Mliwatangazia?" Mwalimu akauliza.

"Ndiyo. Tangazo liko mlangoni, kubwa kabisa."

"Na wanalisoma vipi?" Mwalimu akauliza. Nekesa akashika kichwa. "Yesu wangu!" akasema, na ukumbi wote ukaangua kicheko. Nami nikacheka kwa kujitambua, kwa kuwa tangazo langu la Kibomet lilikuwa limebandikwa mlangoni vilevile, kwa herufi nyekundu.

Chakula cha mchana hatukukila vizuri. Nekesa aliinakili ile sauti ya Kiswahili kwenye flashi, akaiweka kwenye laptopu yangu, na Mwalimu akasikia neno "maji" likitamkwa kama maji. Aliiomba irudie. Kisha akageuza uso upande wa ukuta kwa muda, nasi tukaendelea na ugali wetu tukimpa nafasi. Aliporudi kwetu alimwambia Nekesa, "Ukipata watu, niite. Nitakuja kuwafundisha mimi mwenyewe."

Jioni tulirudi Kitale na pikapu tupu. Njiani tulipanga: yeye angetangaza kanisani kwao, mimi kwetu, na pia ningepiga simu kwenye kipindi cha wasikilizaji katika redio ya hapa kwetu. Jumapili iliyofuata tulianza. Wa kwanza kuja alikuwa mfanyabiashara wa nguo za mtumba kutoka njia ya Suam, akiongozwa na dada yake. Akafuata kijana aliyeacha chuo alipopoteza macho. Kisha sikuhitaji tena kutangaza, kwani walianza kuletana wenyewe.

Nilichojifunza Bungoma ni kwamba mkutubi akienda kongamanoni asiende na picha za maktaba yake peke yake. Aende na msomaji. Sisi tuliulizana kuhusu mashine, na Mwalimu akatuuliza kuhusu mlango.

Muhula ulipoisha, Mzee Barasa alikuja kama alivyoahidi. Alikuta kompyuta zote mbili zina watu na wengine wakisubiri kwenye benchi, Mwalimu akizunguka katikati yao na tai yake. Mama mmoja mzee alikuwa akisikiliza Zaburi kwa Kiswahili safi, midomo yake ikifuata. Mwenyekiti alisimama nyuma yake mpaka zaburi ikaisha.

Alipotoka aliniita pale nje. "Madam, ile meza ya kamati kule ofisini hatuitumii sana," alisema. "Tafuta vijana waibebe, waiweke kwenye kona yako. Hapa mmebanana."