Njaa ya Mtu wa Kutembea

Baba yangu alikuwa bwana shamba wa kahawa, akiajiriwa na chama cha ushirika, na kazi yake yote ilikuwa kutembea. Alitoka nyumbani kwetu, nje kidogo ya mji wa Mbinga, akapanda na kushuka milima ya Umatengo kutoka shamba hadi shamba, akikagua mibuni yenye ugonjwa na kuwaelekeza watu namna ya kupunguza matawi. Jioni alirudi na vumbi hadi magotini. Mama alimwekea ugali uliojaa sinia na bakuli la maharage, naye akaumaliza wote, kisha akauliza kama kuna viazi. Hakuwa mnene hata kidogo.

Kitu alichokuwa akikikosa ni sukari. Ilikuwa miaka ya uhaba, sukari ikipatikana kwa foleni, na mara nyingi tulikunywa chai chungu huku tukitafuna kipande cha muwa. Siku baba alipokaribishwa chai tamu kwenye nyumba fulani huko mlimani, alirudi akaisimulia kwa heshima, kama mtu aliyekutana na askofu.

Kisha biashara ikafunguliwa. Maduka ya mjini yakajaa sukari, mafuta ya kula, mikate na makreti ya soda. Wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kuingia vijijini na magari yao, chama kikapunguza watu, na baba akawa mmoja wa waliopunguzwa. Hakulalamika. Aliweka viatu vyake vya kazi uvunguni, akavuta kiti barazani, akakaa. Miguu ilistaafu siku ile. Tumbo halikuambiwa.

Aliendelea kula chakula cha mtu aliyepanda milima kutwa. Chai aliinywa nzito kwa sukari, asubuhi, saa nne na jioni, na soda akaizoea. Akanenepa. Watu waliopita njiani walimwamkia na kumsifu kwamba sasa anastarehe, na mama alifurahi, kwa sababu kwetu mwili wa mume ni cheti cha mke. Hata alipoanza kunywa maji bila kukoma na kulalamika kwamba macho yana ukungu, tulidhani ni uzee. Hospitali wakasema ni kisukari.

Nesi aliyempokea, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, alimwambia aache sukari, apunguze ugali na atembee kila siku. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikuchaguliwa kuendelea, basi mama akaniambia niwe nafuatana naye.

Mwanzoni baba aliona haya. Kwetu mtu mzima hatembei bure. Kila tuliyekutana naye alisema shikamoo, kisha akauliza tunakwenda wapi, na baba hakuwa na jibu. Baada ya siku chache akaanza kubeba jembe begani. Hatukulima chochote. Tulipita kati ya mibuni, tukapandisha kando ya mashimo ya ngolo, kilimo chetu cha asili, yaliyopangwa mlimani mithili ya sega la nyuki, mpaka juu ya kilima, ambako anga likiwa safi ziwa huonekana kwa mbali. Alisimama pale akipumua, kisha tukageuka.

Kutembea hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kurudi. Miguu ilipoamka, ile njaa yake ya zamani nayo iliamka, ikiwa na hasira. Aliingia jikoni kabla ya kuweka jembe chini, akafunua masufuria, akala viporo akiwa amesimama. Tulipokwenda tena kliniki, sukari haikuwa imeshuka hata kidogo. Baba alimweleza nesi ukweli wote, ameinamisha kichwa.

Nesi hakumkaripia. Alisema mwili uliotembezwa lazima udai, ila usiachwe udai bila mpangilio. Asitoke na tumbo tupu. Akirudi anywe maji kwanza, akae, apumzike. Aanze na mboga, kisha maharage, ugali uwe wa mwisho. Akanigeukia mimi. Akasema nikimwona anatetemeka na jasho la baridi linamtoka, hiyo si tamaa, ni sukari imeshuka mno, nimpe kitu kitamu papo hapo.

Tangu hapo nilitembea na pipi nimeifunga kwenye pindo la kanga. Mama alimpikia kikombe cha uji wa ulezi kabla hatujatoka, akaongeza matuta ya maboga kwa ajili ya majani, na kopo la sukari akalihamishia kwa jirani. Baba mwenyewe alijifunza kusubiri. Alikunywa maji yake, akakaa kwenye kigoda, akaniuliza habari hii na ile ili muda upite. Mara nyingi ile njaa kali ilipoa, akala kama watu wengine.

Saa nne ndiyo iliyomshinda. Uji ulikuwa bado haujashuka, chakula cha mchana kilikuwa karibu, lakini saa hiyo ikifika alianza kuhangaika, anasimama, anakaa, anachungulia jikoni. Siku moja nilimwuliza kama nimchomee hindi.

“Hii siyo njaa, mwanangu,” akasema. “Saa hizi ndipo nilipokuwa nakaribishwa kwenye nyumba za watu.”

 Nikachukua jembe, lile lile la kuzugia, nikamwomba anionyeshe namna ya kupalilia vitunguu. Tukapalilia mpaka hamu ikapita. Ikawa desturi yetu. Saa nne haikutukuta ndani. Kuna siku hamu haikupita, na mama akampa karanga kiganjani, naye alizitafuna moja moja, macho yakiwa barabarani.

Akapungua. Suruali zikamlegea, macho yakaona vizuri, na kliniki wakafurahi. Lakini ilikuwa miaka ambayo mtu akikonda watu walinong’ona jina la ugonjwa mmoja tu. Wale waliomsifu alipokuwa mnene sasa walimwamkia kwa mbali. Kisimani wanawake walinyamaza mama alipofika.

Ndipo shangazi, dada yake baba, alipokuja na sinia kichwani. Alikuwa ameleta ugali mkubwa na kuku mzima aliyeungwa kwa mafuta. Aliweka sinia miguuni pa kaka yake, akamgeukia mama.

“Wifi, mnamuua kaka yangu kwa njaa,” akasema. Alikuwa akilia.

 Mama alikaa chini, akaangalia mikono yake. Baba aliomba maji, akanawa, akamega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akala taratibu. Akala na kipaja. Niliona alivyolitazama lile sinia. Ilikuwa ni tamaa ya mtu mzima aliyejizuia kwa miezi, na mkono wake ulikuwa tayari umeelekea kwenye ugali. Kisha akaurudisha. Akamwambia dada yake chakula ni kitamu, ameshiba, wengine tule. Shangazi aliondoka bila kuaga, na mama alilia baada ya yeye kuondoka, si mbele yake.

Asubuhi iliyofuata baba aliondoka bila jembe. Alipoulizwa anakwenda wapi, alijibu kwamba anatembea tu, kwa ajili ya sukari. Akawa anasema hivyo kwa kila mtu, bila haya. Akaenda mnadani akajinunulia raba za mtumba, nyeupe, ili atembee vizuri zaidi. Zilimpendeza. Zilimbana kidogo, naye hakujua, kwa sababu nyayo zake zilikuwa zimeshakufa ganzi. Tulipoona damu kwenye soksi, kidonda kilikuwa kimeingia ndani.

Kidonda kilikataa kupona. Mama, ambaye kwao ni ziwani, upande wa Mbaha, aliamua tumpeleke hospitali ya Liuli ili ndugu zake wasaidie kutuhudumia. Huko madaktari walijitahidi, lakini mwisho walituita nje na kutueleza kwamba mguu usipokatwa atakufa. Baba alikubali kabla yetu.

Baada ya mguu kukatwa, hamu ya kula ilimwacha. Mama mdogo alileta samaki, mbasa wa kuchemsha, na ugali wa muhogo, chakula ambacho zamani kilimfanya atamani kuhamia ukweni, naye akageuza uso ukutani. Manesi walisema ale, hata kidogo, dawa zinahitaji chakula. Yule mwanamke aliyehamisha kopo la sukari kwa jirani sasa alikuwa ameshika kijiko, anambembeleza.

“Kula, baba watoto. Leo kula unachotaka, hakuna atakayekukataza.”

“Naitafuta hamu,” baba akasema, “siioni.”

Alifariki mvua zilipoanza. Barabara ya kupanda Mbinga ilikuwa tope tupu, na gari lililombeba lilisukumwa mara nyingi. Tulimzika nyuma ya mibuni yake. Wale waliokuwa wakinong’ona walikuja wote, wakapika, wakala, na shangazi alikaa na mama kwenye mkeka mmoja, kichwa begani pake.

Wageni walipoondoka, mama akaacha kula. Alinipikia mimi, akaniangalia ninavyokula, akasema yeye atakula baadaye. Bangili zikaanza kumtoka mkononi. Nilimsihi, nikamletea usipa, dagaa wa kwao, nikashindwa. Ndipo asubuhi moja nilipomwekea kanga mabegani na kumwambia tutoke. Hakuuliza wapi. Tulipandisha polepole kati ya mibuni, mvua ikiwa imekatika, naye akawa anasimama kila mara kushika kifua. Hatukufika juu. Tuliporudi alikaa jikoni kwenye kigoda muda mrefu, kisha akanyoosha mkono, akavunja kipande cha kiazi kilichopoa, akakila.

Nilijifanya nachochea moto. Kesho yake tukatoka tena.