Mkanda wa Wawili Niliushona Mimi

Mkanda ule niliushona mimi, kwa hiyo mtu asije kunieleza kwamba ulikuwa wa dhahabu. Ulikuwa ngozi ya ng'ombe kutoka Endiinzi, haikukaushwa vizuri, na katikati nilibandika kipande cha debe la mafuta ya kupikia nilichokigonga kwa jiwe mpaka kikalala. Rangi ya manjano tuliiomba kwa fundi wa majeneza. Mvua ikinyesha ulinuka mpaka mbwa wakaufuata. Huo ndio uliokuwa ubingwa wa mieleka ya wawili wa magharibi yote, na wanaume wazima, wenye wake na watoto, walivunjana mbavu kwa ajili yake.

Wakati huo nilikuwa na cherehani yangu huko Juru, ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nakivale, magharibi mwa Uganda. Tulikuwa tumetoka Kivu ya Kusini vita vya kwanza vilipoanza: mama, kaka yetu mkubwa, mimi, na mdogo wetu ambaye tulimbeba sehemu kubwa ya njia. Tulilima maharagwe na mahindi kama kila mtu. Mimi nilishona sare za shule, na kwa bahati mbaya nikajulikana mpaka Mbarara.

Aliyenijua huko alikuwa bwana mmoja mwenye kibanda cha video. Alionyesha filamu huku mtu akizieleza kwa Kiluganda kwenye kipaza sauti, na alipoleta kanda za mieleka ya Wazungu kibanda kilijaa mpaka watu wakakaa dirishani. Sijui kama aliamini kwamba wale Wazungu walipigana kweli. Nadhani aliamini, maana alikuwa mtu wa kuamini chochote kilichopita kwenye kioo. Akajenga ulingo nyuma ya baa: nguzo nne za mkaratusi, kamba za katani, majani makavu ya migomba chini na shitingi ya plastiki juu yake. Akajiita mkurugenzi. Hiyo magharibi yote aliyoitangaza ilikuwa viwanja vitatu, yaani ua wa baa, soko la Rugaaga siku ya gulio, na uwanja wetu wa mpira kambini.

Majina ya mabingwa aliyapaka ukutani kwa brashi, mstari kwa mstari, na watu waliyasoma kwa heshima. Mimi nilikuwa nikiyasoma na kucheka peke yangu.

Mabingwa wa kwanza walikuwa wachinja nyama wawili wa Endiinzi. Ukuta ulisema walishinda mashindano makubwa Kampala. Hayo mashindano hakuna aliyeyaona. Wiki ile waliyodaiwa kuwa Kampala, mmoja wao alikuwa amekaa kwenye kigoda changu akingoja bukta yake, akaniambia bila aibu kwamba hajawahi kupita Mbarara. Mkurugenzi naye alikuwa ananihimiza nimalize mkanda kwa sababu mabingwa wanarudi kesho. Nikaumaliza. Nami ni mtu wa haya hayohayo, sijitoi.

Wa pili walikuwa waendesha bodaboda wawili waliovaa vinyago nilivyowashonea kwa kitambaa cha pazia. Waliutwaa ubingwa kwa sababu mchinja mmoja alikuwa na harusi ya shemeji yake na hakutaka kwenda na jicho lililovimba. Alianguka kabla hajaguswa vizuri. Miezi michache baadaye bodaboda mmoja alienda Iraki kuwa mlinzi, na yule aliyebaki akakataa kuuachia mkanda.

Hapo inabidi nieleze sheria. Mieleka ya wawili ina sheria moja tu ya maana: mmoja hupigana ndani, mwenzake hungoja nje ya kamba kwenye pembe yao, na wa ndani hawezi kutoka mpaka aguse mkono wa yule wa nje. Sasa huyu bodaboda alibaki bingwa wa wawili akiwa mmoja, karibu mwaka mzima. Akichoka, alikwenda kwenye pembe tupu, akapiga kiganja chake cha kulia kwa cha kushoto, kumaanisha amebadilishana na mwenzake wa Iraki, akarudi kupigana. Refa alikubali. Watu walikubali. Ukuta ulikuwa bado na majina mawili.

Baadaye mkurugenzi akatafuta Wakongomani. Alikuwa amesikia kwamba kwetu mieleka tunaiita katchi, na kwamba wacheza katchi hulogana ulingoni, mmoja akapuliza unga na mpinzani akaanguka. Alikuja mpaka Juru kwa pikipiki.

"Nyabo, bibi, watu nachoka na vinyago," aliniambia. "Watu nataka dawa. Ndugu zako iko na dawa?"

Ndugu zangu walikuwa Waprotestanti, na mdogo wangu alikuwa mwimbaji wa kwaya. Dawa waliyokuwa nayo ilikuwa majivu ya jiko langu. Kaka alikuwa mkubwa wa mwili, mdogo alikuwa mwembamba mwenye mbio. Mpango ulikuwa mmoja kila mara: mdogo anapigwa, anatambaa, anampa kaka mkono, kaka anaingia na majivu, anapuliza, wapinzani wanaanguka wakitetemeka. Wakawa mabingwa siku ya kwanza. Mchungaji aliwaita akawauliza kuhusu uchawi, wakamwonyesha jivu lenyewe, akanusa, akawaacha. Nilidharau yote hayo, na bado kila Ijumaa nilipepeta jivu lisiwe na mkaa.

Kisha mama akafa. Homa ilimchukua siku tatu. Mdogo wangu alikuwa Mbarara, juu ya gari la mkurugenzi, akizungushwa mjini kutangaza pambano. Alipigiwa simu, akaomba wamngojee mpaka asubuhi. Kaka hakungoja. Alimzika mama jioni ileile, na mdogo wetu alifika kesho yake akakuta udongo umeshasawazishwa. Alimuuliza kaka kwa nini.

"Mama haingojee muntu wa kuzunguka mu muji na mikrofoni," kaka alijibu.

Yeye mwenyewe alikuwa na mkanda wa debe chini ya kitanda. Nilimchukia kaka siku ile, naandika hivyo kama ilivyokuwa. Nilikuwa upande wa mdogo wangu kabisa, na sikuficha.

Kanisani kwetu, ndugu wawili wakigombana wanaondolewa kwenye meza ya Bwana mpaka wapeane mkono mbele ya watu. Si salamu. Ukishampa mtu mkono mbele ya mashahidi, neno limekwisha, na anayelifufua anahesabiwa mkosaji kuliko wa kwanza. Kwa hiyo hatupeani ovyo. Wazee waliwaita mara mbili. Kaka alikuwa tayari, alinyoosha mkono haraka mno, kama mtu anayetaka kuwahi shambani. Mdogo wetu aliweka mikono yake nyuma. "Nitapana siku nitasikia ndani," alisema.

Nadhani unaona balaa lilipokuwa. Wale wawili walikuwa mabingwa wa mchezo ambao hauendi bila kupeana mkono, na mbele ya mashahidi. Rugaaga, pambano la kwanza baada ya msiba, mdogo wangu alimgusa kaka kwa kisigino. Watu walicheka, wakadhani ni sehemu ya uchawi. Mara ya pili alimgusa kwa kiwiko. Mkurugenzi akapandwa na hasira.

"Kwa video ni mkono," alisema. "Siyo kisigino. Refa, kama si mkono, wewe kataa."

Mkurugenzi, Mganda yule, hakuelewa kitu, wala sisi hatukumweleza. Ungeanzaje?

Pambano lililofuata lilikuwa Mbarara, Jumamosi mchana, kwenye ua wa baa. Nilikuwa nyuma ya jiko la nyama choma nikishona kamba ya mkanda iliyofumuka. Mdogo wangu akaja akachuchumaa karibu nami, kifua wazi, tayari amepakwa jivu.

"Yaya, leo refa anataka mukono," alisema, na yaya kwetu ni dada mkubwa. "Nilikuwa nafikiri, nimupe tu mule ndani. Nimechoka na hii maneno. Nikimupa, iishe."

"Umupe mbele ya nani?"

"Mbele ya bantu."

"Hawa ni walevi," nikamwambia. "Ukimupa mukono pale, umeuzisha kilio ya mama juu ya katchi. Mukono unapana ku kanisa, ao haupane."

Alikuwa mtu mzima, lakini mama alipokuwa shambani mimi ndiye niliyemlea, na neno langu alilizoea. Akaitikia kwa kichwa, akainuka.

Wapinzani walikuwa mpasua mawe na mpagazi wa sokoni, watu wema tu waliokuwa wamekariri kazi yao. Walimpiga kidogo, wakamwangusha, wakamwacha atambae. Akatambaa mpaka kwenye pembe. Kaka alikuwa ameinama juu ya kamba, mkono wake umenyooka mpaka bega, anasema kwa sauti ya chini, "Nipe. Nipe mukono." Mdogo wangu aliutazama ule mkono. Akainua wake, nusu. Halafu akanitafuta kwa macho. Nilikuwa nimesimama kando ya nguzo na kisahani cha jivu.

Nikatikisa kichwa.

Akaushusha mkono, akarudi katikati. Wale wapinzani hawakuwa na mpango mwingine, kwa hiyo wakaanza upya. Wakampiga, wakamwangusha, akatambaa, akafika, hakutoa. Watu wa baa wakaanza kupiga kelele, "Muguse, wewe, muguse," wengine wakimzomea. Mara ya tatu walimnyanyua kichwa chini, ule mnyanyuo waliouzoea kwa kaka ambaye alijua kujikunja. Mdogo wangu alikuwa amechoka na hakujikunja. Majani ya migomba chini ya shitingi yalikuwa yameshasagika kuwa vumbi. Nilisikia shingo yake.

Refa alihesabu mpaka tatu, kwa sababu ndiyo kazi aliyofundishwa. Mkurugenzi akachukua mkanda kwangu, akawafunga wale wawili waliokuwa wanalia na kumuuliza kama mdogo wangu amekufa. Wiki ileile majina yao yalikuwa ukutani. Ukuta haukusema lolote kuhusu shingo.

Huo ubingwa uliendelea, maana upuuzi haufi kwa sababu mtu mmoja ameumia. Ulipita kwa vinyozi, ukapita kwa walinzi wa duka la mbolea, mpaka simu za video zikaingia na watu wakaacha kwenda kibandani. Siwajui waliokuwa wa mwisho na sijataka kujua.

Katika hospitali ya Mbarara mdogo wangu alilala na mfuko wa mchanga kila upande wa kichwa. Aliongea vizuri, lakini kuanzia mabegani kwenda chini hakukuwa na kitu. Kaka alifika siku ya pili na mchungaji. Alipiga magoti, akauchukua mkono wa mdogo wetu kwa mikono yake miwili.

"Ninakushika. Unasikia?"

"Hapana."

"Umenipa?"

Mdogo wetu alikuwa anatazama dari. "Chukua," alisema.

Wazee wa kanisa walikaa Jumapili mbili wakibishana kama mkono usiojiinua umetolewa au umechukuliwa tu. Wanaume wazima, wenye Biblia. Mwishowe wakakubali umetolewa, na wote wawili wakarudishwa mezani.

Tangu hapo kaka ndiye anayemwogesha, anamgeuza kitandani, anamlisha uji kwa kijiko, na sina dharau hata chembe ninapomwona akifanya hivyo. Lakini kila mwaka, siku za kumbukumbu ya mama, huinuka kanisani kushuhudia. Anasema ndugu yake alikuwa na moyo mgumu, alimnyima mkono mbele ya mji mzima, na Mungu akamvunja shingo ili amfundishe kusamehe. Watu wanalia. Wanamsifu Mungu.

Mdogo wangu huwa ameegemezwa kwenye kiti chake karibu na ukuta, na hajawahi kumkatiza. Anageuza macho tu mpaka yanifikie kwenye benchi la akina mama, anakaa hivyo mpaka ushuhuda uishe. Nami naimba wimbo unaofuata pamoja na wengine.