Dhahabu ya Mke wa Herman

Perpetua ni sonara, jirani yangu hapa Mikumi, kando ya barabara ya Iringa. Bamba la dhahabu hulipitisha kwenye mashine ya kubana pamoja na kipande cha gunia la katani, likatoka na alama za nyuzi. Kisha hulikunja kuwa pete, na juu yake hupachika jiwe ghafi, kama lilivyotoka ardhini. Watalii wa mbugani wanazigombania pete hizo. Wenyeji wengi husema bado hazijamaliziwa.

Wa kwanza kusema hivyo alikuwa Mzee Herman wa Kilosa, aliyemfundisha kazi. Akiwa bado kwenye karakana ya mzee huyo, Perpetua alijitengenezea pete yake ya ndoa, akaipachikia jiwe jekundu ambalo marehemu baba yake alilichimba mwenyewe. Akaiacha mezani, akaenda kanisani kwenye mafundisho ya ndoa. Aliporudi, Herman alikuwa ameipiga msasa mpaka inang'aa kama sufuria mpya, na jiwe amelitia kwenye mashine ya kuchongea, likapasuka vipande vipande.

"Nimekurekebishia," akasema, wateja wakicheka.

Perpetua alifungasha vifaa vyake siku hiyo hiyo. Tangu hapo alitaka kitu kimoja tu: Herman naye aone kazi ya mikono yake ikiharibiwa mbele ya macho yake. Sitasema uongo, nami nilimchochea.

Mwaka huu Herman akaja na binti yake Vaileth, anayetarajia kuolewa. Perpetua alimpa shikamoo, kiti hakumpa. Vaileth akavua pete ya marehemu mama yake, laini, inayometameta, aliyoitengeneza Herman mwenyewe.

"Dada, naomba uiyeyushe hii, unitengenezee kama zako."

Herman akashtuka. "Mwanangu, hiyo ni ya mama yako! Nitatafuta dhahabu nyingine."

"Mama aliniachia mimi, baba."

Perpetua hakungoja neno la pili. Akawasha moto, pete ikalainika, ikaporomoka. Muda wote alikuwa akimtazama Herman usoni. Mzee akauma midomo. Moyo wangu ulifurahi, nasema wazi.

Wiki iliyofuata walirudi kuichukua. Perpetua akaitia kwanza mkononi mwa Herman, akingojea uchungu wake. Mzee akavaa miwani, akazipapasa alama za katani, akaligeuza jiwe kwenye mwanga. Machozi yakamtoka.

"Nzuri sana, Perpetua. Mama yake angeipenda."

Vaileth akamkumbatia baba yake. Perpetua akaingia chumba cha nyuma, nikamfuata. 

"Kumbe macho anayo!" akasema kwa hasira. "Siku ile ya pete yangu yalikuwa wapi?"