Nyumba ya Milango Minane

Likizo ile baba alitujengea nyumba juu ya lori, na kuta zake zote zilikuwa milango. Alikuwa seremala mjini Tabora, katika karakana ya tajiri mmoja wa mbao, na mwenye duka fulani wa Nzega alikuwa ameagiza milango minane ya mninga. Ilipokwisha kupigwa randa na kupakwa mafuta, baba aliomba aipeleke mwenyewe, polepole, kwa muda wa juma zima, pamoja na mkewe na watoto. Tajiri alipitisha kidole kwenye ubao wa mlango mmoja.

"Ikifika na mkwaruzo mmoja," alisema, "usirudi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa ruhusa.

Baba alisimamisha milango mitatu kila upande wa lori la karakana, akaishikiza kwa kulabu na kamba, na kati ya kamba na mbao akaweka vitambaa. Miwili iliyobaki aliitia bawaba nyuma, ikawa ndiyo milango ya kweli. Juu alitandaza turubai. Mbele hakukuwa na haja ya ukuta, kwani palikuwa na mgongo wa chumba cha dereva, wenye kidirisha kisicho na kioo. Ndani tulikuwa na magodoro mawili, mkeka, jiko la mkaa na debe la maji. Wazungu waliosimamia kazi za barabara walikuwa na nyumba zao za magurudumu zenye mapazia, tulikuwa tumeziona zikivutwa kupita mjini, kwa hiyo sisi watoto hatukuona ajabu. Majirani ndio walioona ajabu.

"Mgeni akija atabisha upi?" mmoja aliuliza.

"Abishe wowote," baba alijibu. "Hatutakuwapo."

Safari ilikuwa na sababu nyingine, nayo ilikuwa macho ya bibi, mama yake mama. Jicho moja lilikuwa limekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho, na la pili lilikuwa likifuata. Asubuhi, jua likiwa kali, aliweza kumtambua mtu kwa uso. Baada ya alasiri watu wote kwake walikuwa vivuli. Mwuguzi alimwambia kwamba huenda mvua zijazo zikamkuta haoni kabisa. Bibi hakulia. Alisema, "Basi nipelekeni kwa dada nikamtazame."

Huyo dada ndiye aliyemlea walipofiwa na mama yao. Alikuwa bado anaishi katika kijiji walichozaliwa, kando ya njia ya zamani ya wapagazi, kabla hujafika Nzega, na hawakuwa wameonana tangu mama yangu alipoolewa. Mpango wa baba ulikuwa mwepesi: kuondoka alfajiri, kufika kabla ya alasiri, bibi amwone dada yake mwanga ukiwapo, kisha tukae siku tatu, na milango iende Nzega.

Tulimchukua bibi huko Itetemia, kwa mjomba. Hapo ndipo shida ya nyumba yetu ilipojitokeza. Kwa desturi ya Wanyamwezi, mtu na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, hawatazamani usoni, wala hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Ni heshima, si ugomvi. Baba alikuwa mzaliwa wa mjini, wazee wake walitoka mbali, na angeweza kujifanya hajui. Lakini aliishika mila hiyo kuliko wenyewe. Lori liliposimama, alishuka upande wa pili akaenda kukagua tairi ambalo halikuwa na kasoro yoyote, mpaka bibi alipokwisha kupandishwa na mlango kufungwa.

Mtu wa tatu nilikuwa mimi. Nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu alikuwa na minne na hakuweza kubeba neno bila kulimwaga. Mama alikuwa hawezi magari. Kabla hatujaliacha bonde la kwanza alikuwa amelala chali na ganda la limau puani. Nikasimama kwenye kidirisha, bibi akakaa chini yangu ameegemea mlango, na kazi ikaanza.

"Mwambie mkwe, anakimbizwa na nani?"

"Baba, bibi anauliza unakimbizwa na nani."

"Mwambie mama, hata punda ametupita sasa hivi."

"Bibi, baba anasema hata—"

"Nimesikia. Mwambie sijasikia."

Nilijifunza upesi kwamba kazi ile ina ufundi wake. Neno ulipeleke kama lilivyo, hata kama aliyelisema yuko pua na mdomo na anayelipokea. Usilipunguze makali, usiliongezee sukari. Baadaye maishani nililipwa mshahara kwa kuandika waliyosema watu wengine, lakini sikumbuki kufundishwa kitu zaidi ya nilichopata pale kidirishani.

Karibu na adhuhuri tulifika kwenye kizuizi cha mbung'o. Siku hizo, penye pori la mbung'o, serikali iliweka mtu mwenye wavu, na kila gari lilikaguliwa ili wadudu wale wasije wakasafiri hadi kwenye ng'ombe wa watu. Mkaguzi wetu alikuwa mwanamume mrefu aliyevaa kaptula ya kaki. Alilizunguka lori mara mbili akigusa milango.

"Hii ni nyumba au duka?"

"Ni nyumba mpaka Nzega," alisema baba. "Ikifika ni duka."

"Haya, shukeni wote. Simameni mstari mmoja niwatazame migongo."

Tukajipanga. Baba alikwenda kusimama peke yake hatua thelathini mbele, ametazama pori.

"Wewe! Hukusikia mstari mmoja?"

"Nimesikia. Huyo mama ni mkwe wangu."

Mkaguzi alishusha wavu. Aliangalia mgongo wa baba, akamwangalia bibi, ambaye alikuwa amejivutia khanga mpaka machoni.

"Aa. Basi kaa huko huko, nitakufuata. Mbung'o wa mkwe atakamatwa kwa heshima yake."

Bibi alinivuta mkono. "Mwambie mwenye wavu amkague vizuri huyo. Tangu alfajiri kuna kitu kinamwuma, ndiyo maana anakimbia."

Nikapeleka kama lilivyo, kwa sauti, ili lifike mbele. Mabega ya baba yalitikisika, lakini hakugeuka. Mbung'o alikuwa mmoja tu, kwenye mlango wa tatu, na mkaguzi alimkamata bila kuacha alama.

Baada ya hapo bibi alianza kusimulia. Barabara ile, alisema, iliandamana na njia ya wapagazi kama mbwa anavyoandamana na mtu: mara imekuwa mbele, mara imebaki nyuma, mara imeingia porini. Alipokuwa mdogo, yeye na dada yake walipeleka matobolwa kwenye kambi za misafara, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwa kuwa mpagazi aliweza kuvitafuna akitembea na mzigo begani. Dada alibeba ungo, yeye alishika pindo la nguo ya dada. Kambi ilikuwa penye jiwe kubwa lililopasuka katikati. Hapo njia ya kwao ilichepuka.

"Tukifika penye hilo jiwe," alisema, "mwambie mkwe ashike mkono wa kulia."

Sasa ni lazima niseme jambo. Mimi ni mtu wa mashoto. Nyumbani mama hakuwa akiutaja mkono kwa jina nilipokosea kwenye sahani, alinigonga vidole akasema, "Huo mwingine!" Na shuleni mwalimu wetu, mzee wa zamani, alitufundisha kuume na kushoto. Mkono wa kulia nilikuwa nimeusikia, lakini sikuwa nimewahi kuulizwa ni upi, na kwangu maana yake ilikuwa wazi kabisa: ni mkono ambao mtu anautumia kulia chakula.

Jiwe nililiona mimi wa kwanza. Lilikuwa limesimama kama mkate uliokatwa na mtu mwenye haraka. Wakati huo lori lilikuwa likihangaika kwenye mchanga, injini inalia, baba anapigana na gia.

"Baba! Bibi anasema mkono wa kulia!"

"Mkono wa nini?"

"Wa kulia!"

"Sikusikii! Nionyeshe!"

Nikapenyeza mkono kidirishani, karibu na sikio lake, nikaunyoosha mkono wangu wa kulia chakula kuelekea upande wa mkono huo. Lori likakata kushoto.

Njia ilikuwa nzuri mwanzoni. Kisha majani yaliota katikati, kisha miti ya miombo ilisogea ikaanza kukwaruza turubai. Bibi aliniuliza kama nimeona mashamba ya karanga. Nilisema bado. Aliuliza kama nimeona korongo lenye mchanga mweupe. Nilisema bado. Nilimwona akigeuza uso kwenye ufa kati ya mlango na mlango, mahali mwanga ulipopenya, kama mtu anayesikiliza kwa jicho. Jua lilikuwa upande usiofaa, na tayari lilikuwa limeanza kuwa la rangi ya chai.

Ghafla alipiga ukuta wa dereva kwa kiganja.

"Baba! Simamisha!"

Hakusema "mwambie". Alimwita yeye mwenyewe, moja kwa moja. Lori lilisimama. Baba alizima injini. Mama aliinuka kwenye godoro, limau mkononi, ametoa macho.

"Huku siko, mwanangu," bibi alisema. "Jua linanipiga sikio la kuume, na kwa njia ya kwetu lingenipiga la kushoto. Tumepotea."

Baba aliweka mikono yote miwili kwenye usukani. Alijibu akitazama kioo cha mbele. "Nilionyeshwa kushoto, mama."

Wote wakanigeukia. Nilisema nilivyopeleka: bibi alisema mkono wa kulia, na mimi nikaonyesha mkono wa kulia.

"Onyesha tena," alisema mama.

Nikaonyesha. Mama alifunika uso kwa khanga. Mdogo wangu, ambaye kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na habari kamili, alisema, "Huo ndio anaolia ugali akijificha."

Nilingoja kuchapwa. Bibi aliuchukua mkono wangu, akaupapasa kidole kwa kidole.

"Mtoto hakukosea," alisema. "Nimemwambia wa kulia, akaonyesha anaolia. Mwenye kosa ni mimi, sikumwuliza mwenye mkono anakula kwa upi."

Lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na nilijua kwa nini. Hata kama tungegeuka mara ile, tungefika kwa dada yake jua limetua, na angeona kivuli kingine tu. Baba alijua pia. Alishuka, akatafuta mahali pa kugeuzia lori, akaturudisha mpaka penye jiwe, na hapo alisema tulale. Aliyasema hayo kwangu, na mimi nikampelekea bibi, ingawa kila mmoja alikuwa amekwisha kusikia. Mila ilikuwa imerudi mahali pake. Ila mwiko huo ukivunjwa kati ya mkwe na mkwe, kila upande hutoa kitu. Baba alimtuma mdogo wangu kwa bibi na blanketi lake, jipya, la pekee alilokuwa nalo. Bibi alimrudisha na matobolwa kwenye kitambaa. Ilikuwa Julai, na baridi ya Unyamwezi si ya mchezo. Baba alilala mbele amejifunika magunia.

Asubuhi jua lilipopanda kidogo juu ya miti tuliondoka, safari hii kwa mkono wa kuume. Korongo lenye mchanga mweupe lilikuwapo, mashamba ya karanga yalikuwapo, yamekwisha kuvunwa. Haikufika nusu saa. Bibi mkubwa, yule dada, alikuwa ameketi mkekani uani kwake akibangua karanga, jua likiwa mgongoni, na hakuinua kichwa kwa ajili ya lori. Alidhani ni wanunuzi.

Bibi alishuka, akamwendea akiwa ameshika bega langu, akapiga magoti, akamwamkia kwa lugha yao. "Mwangaluka, dada."

Mikono ya bibi mkubwa ilisimama ndani ya ungo. "Mwangaluka," aliitikia, akaongeza, "Hiyo sauti nilidhani imekwisha kuzikwa."

Wakashikana. Sisi tulisimama. Baba alikuwa mbali, nyuma ya lori, anakagua milango mmoja baada ya mwingine, na nadhani safari hii kulikuwa na sababu. Kisha bibi alijitoa mikononi mwa dada yake akamsukuma polepole.

"Geuka, dada. Jua liko mgongoni kwako. Nakuona mweusi mtupu."

"Mimi ni mweusi mtupu."

"Geuka, nakwambia."

Mama na mimi tuliuzungusha mkeka pamoja na aliyeukalia. Jua la saa mbili likamwangukia bibi mkubwa uso mzima, na ilimbidi afumbe macho. Bibi alikaa mbele yake, magoti kwa magoti, akainama mpaka nyuso zikakaribia kugusana. Alianza juu, kwenye mvi zilizotokeza chini ya kilemba. Alikwenda kwenye paji la uso, polepole, kama mtu anayesoma barua ndefu na hataki kuruka mstari.

"Kovu hili nani amekupa?"

"Mbuzi."

"Lini?"

"Siku ile ulipoondoka baada ya harusi ya mwanao. Hukuaga vizuri, nikakuangalia wewe, sikumwangalia mbuzi."

Bibi alicheka, lakini hakuondoa macho. Akaenda kwenye kope, akaenda kwenye shavu. Kuku walikuja wakala karanga ndani ya ungo na hakuna aliyewafukuza. Bibi mkubwa alivumilia, kisha akaanza kujisogezasogeza.

"Yatosha sasa. Utanimaliza kwa kunitazama. Sijanawa hata uso."

"Tulia," alisema bibi. "Sijafika kwenye kidevu."