Mugeni wa Mutwanga

Bwana yangu ni mwalimu wa biolojia, alitumwa Butembo kutoka Kasai. Nyumbani kwetu Bulengera, humo humo Butembo, alikuwa anafuga nyoka mumoja mudogo wa kahawia, asiye na sumu. Siku moja akaletewa chatu muchanga kutoka Mutwanga. Akamufungia peke yake katika chumba kingine, na kila akimugusa ananawa na maji ya javel, dawa ya kuua vijidudu, kama wakati wa Ebola.

Mimi nikakasirika. Kwetu mugeni hatengwi! Bwana alipokuwa kazini, nikachukua fimbo, nikamwingiza chatu katika kasha la mwenzake.

Jioni bwana akarudi, akawatenganisha haraka. Nikamuuliza, "Lakini chatu si muzima?"

"Mama, ugonjwa ambao huyu anaubeba bila shida unaweza kumuua yule. Hawa si nyoka wa aina moja."

Kisha juma mbili, yule mudogo akawa anapumua mudomo wazi, mate yanatoka. Bwana alimuuguza asubuhi na jioni, bila kunitolea neno kali hata moja. Nyoka mudogo akakufa. Chatu alikuwa anakula vizuri tu.

Tulipomaliza kumuzika, bwana alinimiminia maji ya javel mikononi, polepole, namna kwetu tunavyomunawisha mugeni.