Kompyuta ya Tulinagwe Ndani ya Mchele

Ilikuwa mwaka 2018. Hapana, 2019, maana Prisca alikuwa ameshazikwa. Ndipo dada yake, Tulinagwe wa Busale, mwalimu wa kwaya yetu, alipoletewa kompyuta nyembamba kama sahani ya bati.

Ile ya zamani tuliiita tofali. Aliibeba kichwani ndani ya kikapu hadi kanisani, akaitumia kurekodi kwaya. Feni yake ilinguruma kama mashine ya kukoboa, na mngurumo huo ulisikika katika kila wimbo. Lakini ikigoma, Ambilikile, fundi wa Kyela mjini, aliipindua tu, akachomoa betri, akachomoa diski, wakati mwingine hata chai yake haijapoa.

Prisca ndiye aliyekuwa akianzisha sauti ya kwanza. Picha zake zipo, lakini kuimba kwake kulibaki ndani ya tofali tu.

Hiyo nyembamba ilitoka kwa Angetile, mtoto wa Tulinagwe anayefanya kazi Mbeya. Haikuwa na feni, kwa hiyo haikunguruma, na umeme ukikatika ilidumu kutwa. Nami nasema kweli, ilikuwa nzuri. Mama mtu alimshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga, ndaga, mpaka kijana akaona haya. Wanakwaya walimtania Tulinagwe kwamba sasa shingo yake itarefuka kwa kukosa mzigo. Nyimbo zikahamishiwa humo, na tofali likafutwa kila kilichokuwamo na kuuzwa Makwale.

Jumapili moja mvua ikamkuta njiani, kikapu kikajaa maji. Huku kwetu simu ikilowa tunaizika kwenye mchele, na nani Kyela akose mchele? Naye akaizika kompyuta kwenye kiroba cha mchele mpya, akaiacha hadi wiki ikaisha. Tofali angelichomoa betri kwanza, alishajifunza. Hii betri yake imegandishwa ndani kwa gundi, haina mlango. Kwa hiyo umeme na maji vilikaa pamoja mle kwenye mchele.

Nilimsindikiza kwa Ambilikile. Aliifungua, akakuta pumba hadi kwenye vitufe.

"Nyimbo tu, mwanangu," Tulinagwe akamwambia. "Kompyuta yenyewe baki nayo."

"Mama, ile nyingine ningechomoa diski. Hii nyimbo zimo kwenye kitu kilichochomelewa kwenye bodi, na bodi imekufa. Mimi siwezi."

Tulinagwe akaifunika kwa kitenge, akaipakata njia nzima kama mtoto aliyelala.

Anafundisha bado. Lakini wimbo ukifika pale Prisca alipokuwa akianza, mkono wake husimama kidogo hewani, na sisi sote tunasubiri naye.

Nilimuuliza Ambilikile swali hili. Nikamuuliza na Angetile alipokuja likizo. Mwanamke huyu amebeba madebe ya mpunga kichwani tangu utoto: nani aliwaambia watengenezaji wa kompyuta kwamba uzito ndio uliokuwa ukimchosha?