Rejeta Ndogo ya Gia na Mlima wa Kangari

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu, na kufikia saa nne asubuhi nilikuwa nimeshagusa. Gereji ilikuwa ya hospitali moja ya misheni pale Nyeri, nyuma ya jengo la kufulia mashuka. Gari lililokuwa juu ya jeki lilikuwa linavuja oili, na mimi nilishindwa kukaa kwenye benchi nikitazama tone likifuata tone. Nikachukua spana, nikaingia chini, nikakaza nati moja. Msimamizi wa Gereji, mzee mfupi aliyefunga koti lake la buluu mpaka shingoni, alinikuta nimelala hapo chini.

"Nani amekuambia uingie?" akauliza.

"Hakuna mtu, mzee. Ilikuwa inavuja."

Aliinama, akapitisha kidole penye nati, akakitazama. "Sasa imeacha," akasema. "Kesho uje na ovaroli yako, usichafue shati la kanisa."

Ndivyo nilivyoingia kazini, na ndivyo nilivyo mpaka leo. Mke wangu, Wangechi, akiniona nimetulia kitini kwa dakika kumi huniuliza kama naumwa. Tabia hiyo ilinisaidia sana katika ufundi, kwa sababu gari bovu lilikuwa linanikera kama mchanga ndani ya kiatu. Lakini mara moja ilinifanya nifanye kazi ambayo sikupaswa kuifanya, na hiyo ndiyo ninayotaka kuwaeleza ninyi mnaoshika spana siku hizi.

Nilikuwa nimefikisha miaka mingi hapo, yule Msimamizi wa kwanza ameshastaafu na mimi nimekaa mahali pake, hospitali ilipopewa gari la foo-wili lenye gia za otomatiki. Pamoja nalo lilikuja trela la kliniki, chumba kizima juu ya magurudumu mawili, chenye kitanda cha kupimia akina mama waja wazito, sinki, na friji ya chanjo. Kazi ya gari ilikuwa kulivuta trela hilo kwenda vijiji vya mbali: Kianyaga, Kangari, na kwingine ambako mama mwenye mimba kubwa hawezi kushuka mlima na kuupanda tena siku moja. Dereva alikuwa Ramadhan, mzaliwa wa Majengo pale pale Nyeri, mtu mtaratibu ambaye sikuwahi kumsikia akipiga honi bila sababu. Muuguzi wa kliniki alikuwa Sista Wambui. Alikuwa mkunga, na akina mama walisema mikono yake inaona.

Baada ya wiki chache Ramadhan aliniletea gari. "Githinji, hebu nusa," akaniambia. Nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya gia. Oili mpya ya otomatiki huwa nyekundu. Ile ilikuwa imeanza kuwa ya kahawia, na ilinuka kama mkate ulioungua.

Nieleze kidogo, kwa maana wengi huendesha gari la otomatiki bila kujua linavyofanya kazi. Katika gari la gia za mkono, nguvu ya injini hupitia bamba la klachi. Katika otomatiki hupitia oili yenyewe, inayozungushwa kwa kasi ndani ya chombo kama mabakuli mawili yaliyofunikana. Unapopanda mlima polepole ukivuta mzigo, oili hiyo husukwasukwa bila kusonga mbele sana, na huchemka. Kiwandani huwekewa mabomba mawili yanayoipeleka mpaka chini ya rejeta ya injini, ile inayopoza maji, ipoe kidogo, kisha irudi kwenye giaboksi. Kwa gari tupu inatosha. Kwa gari linalovuta chumba kizima kwenye milima yetu, haitoshi. Linahitaji rejeta nyingine ndogo, ya oili ya gia peke yake, ifungwe mbele kabisa mahali upepo unapoingia.

Nilimwendea Afisa wa Usafiri, mtu wa ofisini, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Nikamweleza. Akasema gari ni jipya, nisiliharibu. Nikarudi tena kesho yake, na kesho kutwa. Nilimsumbua mpaka akaagiza ile rejeta ndogo kutoka Nairobi ili nimwondokee mlangoni. Ilifika siku ya Jumatano jioni. Kliniki ya Kangari ilikuwa Alhamisi.

Nilipofungua boksi nilikuta rejeta na vishikio vyake. Mpira wa oili, ule wa kuiunganisha na giaboksi, haukuwemo.

"Mpira ni mpira," Afisa akasema. "Si uko na mingine huko stoo?"

"Iko ya maji, bwana Afisa. Oili ya moto huilainisha, inafura."

"Ati itafura siku moja? Funga. Wewe ndiye ulinisumbua wiki mbili, sasa unataka nini tena?"

Ningeweza kuiacha rejeta kwenye boksi. Gari lingekwenda Kangari na oili yake ya kahawia, likarudi, kama lilivyokuwa limekwenda na kurudi siku zote. Lakini kile chombo kilikuwa mezani kikinitazama, na mikono yangu ilikuwa inawasha. Nikakata mpira wa maji, nikaufunga kwa klipu moja kila upande, nikawasha injini, nikaona hauvuji. Nikajiambia utafika Kangari na kurudi, na Ijumaa nitatafuta mpira wa kweli. Ramadhan sikumwambia kitu.

Siku ya pili yake, kabla ya saa sita, simu ya Ramadhan iliniita. "Tumeanguka," akasema, kwa sauti ile ile ya taratibu. "Sista ameumia."

Nilikwenda na gari la wagonjwa lililotumwa. Kulikuwa na mvua nyepesi na barabara ya udongo wa murami ilikuwa inateleza. Kwenye mlima wa mwisho kabla ya kufika Kangari, mpira ulikuwa umefura ukachomoka kwenye bomba, oili yote ikamwagika. Otomatiki isiyo na oili haina gia. Injini ilinguruma bure na magurudumu hayakupata nguvu. Ramadhan alikanyaga breki, lakini trela halikuwa na breki zake lenyewe, na uzito wake ulilivuta gari nyuma mpaka likajikunja na kuingia mtaroni, kando ya shamba la chai. Wachuma chai walikuwa wamemtoa Sista Wambui na kumlaza kwenye majani. Alikuwa ameushikilia mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na kifundo kilikuwa kimegeuka upande ambao kifundo hakigeuki.

Alinitazama nikilala chini ya gari. Nilipotoka nikiwa na ule mpira mkononi, bado alikuwa ananitazama.

Afisa wa Usafiri aliandika ripoti yake siku hiyo hiyo. Dereva alipanda mlima kwa fujo, akaunguza giaboksi. Ramadhan akasimamishwa kazi, na kikao kikaitwa wiki iliyofuata.

Siku zile sikuwa na mahali pa kukaa. Nilifungua jenereta ya hospitali iliyokuwa nzima, nikaifunga, nikaifungua tena. Nilitembea kutoka gerejini mpaka wodini, nikifika mlango wa wodi ya akina mama narudi. Wangechi alinipakulia chakula, nikakila nimesimama. Mwishowe aliniambia, "Githinji, kama kuna mtu unataka kwenda kumwona, nenda. Umemaliza sakafu yangu."

Nikaenda kwa Sista Wambui. Alikuwa ameketi kitandani, mkono wake ndani ya plasta.

"Fundi, ulijua?" akaniuliza kabla sijasalimia.

"Nilijua."

Aliiweka plasta yake juu ya mto. "Basi usiniambie mimi. Kawaambie wao kikaoni."

Kikaoni walikuwepo Mganga Mkuu, Katibu wa Hospitali na Afisa wa Usafiri. Ramadhan alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kofia yake magotini. Sikuwa nimeitwa. Nilibisha, nikaingia, nikaweka ule mpira uliofura mbele ya Katibu. Alikuwa mama mkali aliyezoea kusoma kila karatasi mara mbili.

"Mpira huu ni wa maji," nikasema. "Mimi ndiye niliufunga kwenye oili ya gia, nikijua hautadumu. Dereva hakufanya kosa."

Afisa akauliza, "Na mimi nilikuambia ufunge?"

"Uliniambia. Lakini mikono ilikuwa yangu."

Katibu aliugeuza mpira, akaubonyeza. "Kwa nini hukusema siku ile ile?"

"Niliogopa, mama."

Ramadhan alirudishwa kazini wiki hiyo. Mimi nilivuliwa usimamizi, nikahamishiwa zahanati ya hospitali kule Kagio, kwenye gereji ya mabati kando ya soko, ambako vumbi la magunia ya mchele liliingia mpaka kwenye sanduku la spana. Afisa alipewa barua ya onyo, na baada ya mwaka akaondoka. Mkono wa Sista Wambui ulipona vibaya. Vidole viwili havikuweza kukunjika tena, na mkunga asiyeweza kukunja vidole hawezi kupokea mtoto. Wakampa meza ya kuandika kadi.

Gari lilipotengenezwa, lilipelekwa Kagio lihudumie upande wa Kirinyaga. Kwa hiyo lilirudi mikononi mwangu. Nilisimama mbele yake asubuhi nzima kabla ya kufungua boneti.

Safari hii nilifanya kama inavyotakiwa. Kwanza unatafuta bomba la kurudi: unalilegeza, mwenzako anawasha injini kidogo tu, na unaona oili inatoka upande gani. Rejeta ndogo hufungwa kwenye bomba hilo la kurudi, baada ya rejeta kubwa, wala usiiruke rejeta kubwa. Wengine huiruka wakidhani baridi zaidi ndiyo nzuri. Julai, ile baridi ya gathano inapotufunika huku, oili isiyopita kwenye joto la injini hubaki nzito, na gia hukataa kubadilika asubuhi. Nikafunga vishikio vya chuma kwenye fremu. Kamba za plastiki za kupenyeza kwenye mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vya kupitisha upepo, sikuzitaka, kwa sababu gari likitikisika husaga mapezi mpaka yatoboke. Nikatumia mpira wa oili wenye nyuzi ndani, klipu mbili kila mwisho, na bomba nililitanua mdomo ili mpira usiteleze. Nikauweka mpira mbali na feni na mbali na ekzosi. Kisha nikajaza oili, nikaipima injini ikiwa ya moto na inanguruma, kwa maana ukiipima baridi utadanganyika.

Ramadhan alipokuja kulichukua nilimwambia nakwenda naye. Tulipanda Kianyaga na trela zima nyuma. Nilimsimamisha mara nne njiani, nikashuka, nikashika mipira kwa kiganja. Mara ya nne akaniambia, "Sasa panda, Githinji. Akina mama watajifungua kabla hatujafika." Oili ilibaki nyekundu siku hiyo, na ilikuwa nyekundu siku ya mwisho nilipolipima gari hilo, miaka tisa baadaye.

Nilimalizia kazi Nanyuki, kwenye gereji kubwa ya tawi la hospitali hiyo hiyo, chini ya Mhandisi kijana aliyenisikiliza kuliko nilivyostahili. Kila mara kifaa kilipofika pungufu, nilikirudisha kwenye boksi na kulifunga kwa kamba, ili mikono isinishawishi. Wengine waliniita mwoga. Magari yalichelewa, ndiyo, na kuna siku kliniki haikwenda. Sijui kuna mama gani alingoja siku hizo. Hilo pia huniamsha usiku.

Sasa nimestaafu, na Ramadhan amestaafu. Ijumaa baada ya sala huwa tunakutana mjini Nyeri kunywa chai. Mwezi uliopita alikaa na kikombe chake mpaka kikapoa, kisha akasema, "Siku ile ya Kangari, nilinusa oili ikiungua. Tulikuwa ndiyo tumepita Murang'a."

Nikamtazama.

"Sista aliniuliza ni nini inanuka. Nikamwambia ni breki za lori lililo mbele yetu. Tulikuwa tumechelewa, na mimi sikutaka kusimama kwenye mvua. Halafu wewe ukaja kikaoni ukanisafisha, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka yote."

Nilitaka kukasirika na nilitaka kupumua, na sikuweza hata kimoja. Nikasimama. "Twende kwake," nikasema.

"Leo?"

"Leo."

Sista Wambui anaishi Kianyaga, kwenye nyumba ya mawe yenye kahawa mpaka mlangoni. Alitukaribisha kana kwamba alikuwa anatutarajia. Ramadhan alimwambia yote amesimama, kofia mkononi, hata kabla ya kupewa kiti. Sista alimsikiliza mpaka mwisho.

"Rama," akasema, "nilijua si breki. Hakukuwa na lori mbele yetu."

Mimi ndiye niliyeuliza. "Na kwa nini hukumwambia asimame?"

"Niliona akina mama wakiningoja," akasema. "Mmoja wao mtoto wake alikuwa amekaa vibaya tumboni. Nilitaka tufike."

Akachukua birika kwa mkono wa kushoto akaanza kutumiminia chai. Birika lilikuwa zito, na kati yetu wawili hakuna aliyethubutu kunyoosha mkono amsaidie.